Mfamasia wa Tabora asome bila kufunga dirisha

Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania ilibadili dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali: SP (sulfadoxine-pyrimethamine) ikaondoka, dawa mseto ya ALu (artemether na lumefantrine) ikaingia. Mfamasia aliyehitimu muda mfupi kabla ya hapo alilazimika kujifunza upya, hadi namna ya kumweleza mama kwamba dozi ya pili ya mtoto humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, tena pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Akikosea maelezo hayo, dawa nzuri haitafanya kazi yake.

Kwa hiyo mafunzo endelevu ni sehemu ya tiba yenyewe. Swali ni namna yatakavyofika wilaya za mbali za mkoa wa Tabora, kama Sikonge, Kaliua na Urambo. Umbali si jambo geni huku: misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Tabora kwa mwendo wa miezi. Reli ikafika 1912 na kufupisha safari. Lakini hata safari ikiwa fupi, mtaalamu aliye peke yake kituoni akiitwa kwenye semina Dar es Salaam, dirisha la dawa linabaki bila mwenyewe, na anayeumia ni mgonjwa.

Kozi fupi za awamu, zinazosomwa kwa simu jioni na kukamilishwa kwa vitendo hospitali ya Kitete mjini Tabora, zingefaa zaidi. Kila awamu ihesabiwe, hatimaye zijumlishwe kuwa cheti kamili. Mitihani iwe migumu vilevile. Ufupi usiwe ulegevu.

Baraza la Famasi na vyuo vyetu, anzeni na wilaya za mbali.