Daftari Moja, Mikono Mingi: Namna ya Kubuni Programu za Kazi za Chama
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Wajumbe, Kibiti



Bodi imeniamuru nizungumze juu ya jambo ambalo wengi huliogopa kwa sababu ya jina lake tu, nalo ni utengenezaji wa programu za kompyuta kwa kazi za Chama. Naishukuru kwa heshima hiyo. Nitajitahidi nisiwachoshe, maana najua wajumbe wa Salale na Kiongoroni wanahesabu saa za maji kule Nyamisati, na bahari haimngoji msemaji amalize.

Tuanze na gunia moja la korosho. Mwanachama hulileta kwenye chama chake cha msingi. Karani wa mizani hulipima, huandika uzito na daraja, kisha humpa mwenyewe stakabadhi. Mzigo ukifika ghala kuu hupimwa tena na kuandikiwa stakabadhi ya ghala, kwa mujibu wa sheria iliyotungwa mwaka 2005. Halafu huja mnada, ambao katika msimu wa 2024/2025 uliendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi akiisha kulipa, fedha hugawanywa kwa kufuata orodha ya majina, kilo na namba za akaunti. Hesabuni wenyewe: uzito ule ule umenakiliwa mara nne au tano, na mikono mbalimbali, katika karatasi mbalimbali. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, fedha hazimfikii mwenyewe, na mtu aliyevuna kwa jasho lake huingia katika kungoja. Anayengoja sana humwendea mnunuzi wa kangomba msimu ufuatao, akauza kwa bei ya hasara, na Chama kikampoteza.

Mambo hayo si ya kubuni. Katika msimu wa 2018/2019 Serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kabla ya kulipa ikabidi wakulima wahakikiwe mmoja mmoja. Bei ilikuwa njema. Lakini uhakiki ulichukua muda mrefu, na wengi walikaa miezi wakiulizia fedha zao. Vyama vingekuwa na daftari moja lililo safi, kazi kubwa ya uhakiki ule ingekuwa imekwisha kufanywa siku ile ya mizani.

Sasa, daftari hilo hupatikanaje? Zamani chama kilichotaka programu yake kilimwajiri fundi aijenge tangu msingi, naye alipoondoka aliondoka na ufunguo. Siku hizi yako majukwaa ya kazi ya pamoja yaliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Linalojulikana sana ni SharePoint la kampuni ya Microsoft, lililotolewa mwaka 2001, na yako mengine ya namna hiyo. Jukwaa la aina hii ni mfano wa ghala lililokwisha kuezekwa: kuta zipo, milango ipo, na kufuli zipo. Kazi inayobaki ni kupanga vyumba, na kuamua nani apewe ufunguo upi. Ndani yake mnatengeneza orodha, yaani daftari lenye safu. Mnaweka fomu ya kuandikia. Mnapanga njia ya idhini, ili karatasi itoke kwa karani iende kwa katibu, kisha kwa mhasibu, bila ya mtu kuibeba mkononi.

Kwa kazi yetu naona orodha nne zatosha kuanzia: Wanachama, Mapokezi ya Mizani, Shehena, na Malipo. Kanuni ya kuziunganisha ni kwamba uzito huandikwa mara moja tu, mizanini, na orodha nyingine zote huusoma kutoka pale. Asiruhusiwe mtu yeyote kuunakili upya. Kadhalika kila mwanachama awe na namba yake isiyorudiwa, kwa maana si ajabu kukuta katika kijiji kimoja watu wawili wanaolingana jina lao, la baba na la babu. Jukwaa laweza kuagizwa likatae namba inayojirudia, na likatae stakabadhi isiyo na namba.

Lipo jambo moja la kifundi ambalo mbunifu asipolijua ataaibika mbele yenu. Orodha ya SharePoint yaweza kubeba mistari mamilioni, lakini ukiitaka ikuonyeshe zaidi ya mistari 5,000 kwa mara moja bila kuipangia faharasa, itagoma. Kwa ofisi ndogo mistari hiyo ni mingi. Kwa Chama Kikuu, ambacho kila gunia lina stakabadhi yake, yaweza kwisha katika majuma machache ya msimu. Basi safu za chama cha msingi, msimu na namba ya mwanachama ziwekewe faharasa tangu siku ya kwanza, wala isingojwe mpaka orodha imejaa.

Nimefika kwenye shina la maneno yangu. Swali kubwa katika kubuni programu ya ushirika ni hili: nani anaweza kubadilisha tarakimu baada ya kuandikwa? Mafundi wa mjini huja na programu nzuri zenye rangi na michoro, na swali hilo hawaligusi, kwa kuwa kwao tarakimu ni tarakimu. Kwetu tarakimu ni mali ya mtu. Kwa hiyo naiomba Bodi iagize kwamba karani wa mizani aandike lakini asifute. Katibu aombe marekebisho kwa kutaja sababu. Na marekebisho yaandikwe katika mstari mpya, ule wa awali ubaki ukisomeka. Jukwaa lenyewe hutunza historia ya kila mstari, likionyesha aliyeubadilisha na saa aliyoubadilisha, ila historia hiyo iwashwe, na anayeweza kuizima asiwe yule anayeandika. Mwanachama naye abaki na stakabadhi yake ya karatasi. Nayaona mapendekezo ya kuondoa karatasi, na nayapinga. Karatasi iliyo mfukoni mwa mkulima ndiyo shahidi pekee asiyekaa ofisini.

Jambo la pili ni mtandao. Tusibuni kana kwamba tuko Dar es Salaam. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliifunika sehemu kubwa ya bonde la Rufiji, mashamba na nyumba zikaingia maji. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadhoofika nchini kote, pamoja na huko mjini. Programu isiyoweza kuandika bila mtandao, kwa mtu wa Maparoni au Msala, ni sawa na mizani isiyo na mawe. Basi kishikwambi cha karani kihifadhi maandishi ndani yake, na kiyapeleke jukwaani kitakapopata mawimbi, hata ikiwa ni baada ya siku tatu. Na kila kishikwambi kitoe stakabadhi kwa mfululizo wake, ili mistari ya vyama viwili isije ikagombea namba moja itakapokutana.

Kuhusu siri za wanachama sitasema mengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatufunga: namba ya akaunti na ya simu zisomwe na wanaohitaji kulipa, wala zisibandikwe ubaoni. Gharama nazo ziangaliwe vema, maana majukwaa haya aghalabu hutozwa kwa kila mtumiaji kila mwezi, mvua au jua, korosho ziwepo zisiwepo. Na taarifa ambazo Tume ya Maendeleo ya Ushirika huzipokea kwa mfumo wake wa MUVU zitolewe katika daftari hili hili, tusije tukawa na vitabu viwili vinavyopingana mbele ya mkaguzi.

Napendekeza, Mheshimiwa Mwenyekiti, tuanze na vyama viwili tu: kimoja cha barabarani, mathalani upande wa Bungu, na kimoja cha delta. Vitumie msimu mzima programu na daftari la kawaida kwa pamoja, na kila Jumamosi makatibu walinganishe jumla za pande zote mbili mbele ya wanachama watatu waliochaguliwa na kijiji. Jumla zikitofautiana hata kwa kilo moja, sababu itafutwe kabla ya mzigo kupakiwa.

Kabla ya hapo nahitaji msaada wenu. Kila katibu alete kwa Katibu Mkuu nakala moja ya kila fomu, kila stakabadhi na kila daftari linalotumika chamani kwake, hata zile za kienyeji zilizochorwa kwa rula. Mbunifu atakaa nazo kwanza, kabla hajaigusa kompyuta. Wajumbe wa delta, ambao safari yao ni ndefu, wanaweza kuziacha kwa wakala wetu wa Nyamisati. Zitachukuliwa kila siku ya mnada.