Katiba Isikae Kabatini
(Hotuba ya wanachama kwenye sherehe ya miaka 10, Saza)



Tulipoanza, katiba yetu ilikaa kabatini kwa mtu mmoja. Mwenzetu akanyimwa mkopo kwa sharti ambalo hakuwahi kusomewa, akaacha kikundi. Hilo linatuuma mpaka leo. Tangu hapo katiba na daftari vinasomwa kwa sauti kila kikao, na asiyejua kusoma anauliza bila aibu.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Elimu ya wote ikazaa kazi.

Leo ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: mwananchi akiomba taarifa, ofisi ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Basi tuombe kwa pamoja, siyo mmoja mmoja, mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mkutanoni kama tunavyosoma daftari letu.

Na yule mwenzetu tumemwita. Nafasi yake ipo.