Rangi za Miombo Kabla ya Mvua

Katika misitu ya miombo ya Tanzania, majani huwa na rangi nyingi zaidi yanapozaliwa. Kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, wiki kadhaa kabla ya mvua kunyesha, miti iliyokuwa mitupu huchipua majani mekundu, ya shaba na ya waridi. Ni msimu wa fahari usiotangazwa inavyostahili, kwa sababu wageni wengi wa hifadhi za taifa huja kutafuta tembo na simba.

Kwa mfano, Sepuka, wilayani Ikungi, hupata msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Juni upepo mkavu wa kipupwe hukausha udongo, na miti mingi hupukutisha majani ili isipoteze maji kupitia kwayo. Kusini zaidi, vichaka vya Itigi, wilayani Manyoni, hubaki fito tupu zilizosongamana. Tofauti na hapa, Ulaya na Amerika Kaskazini majani huangushwa na baridi na siku fupi. Huko klorofili huvunjika kwanza, njano iliyokuwa imefichwa nayo hujitokeza, na baadhi ya miti hutengeneza wekundu kabla jani halijaanguka. Hifadhi ya Shenandoah, Virginia, iliyoanzishwa 1935, hufurika magari kila Oktoba kwa ajili ya majani hayo yanayokufa.

Miombo haingoji mvua. Joto linapopanda, mtundu (Brachystegia spiciformis) na ndugu zake hutumia maji yaliyohifadhiwa shinani na yale yanayofikiwa na mizizi mirefu. Jani changa huning'inia likiwa laini na legevu, jekundu kama divai. Wekundu huo ni anthosayanini, ambayo hulikinga na jua kali wakati klorofili bado ni haba. Huenda pia huwapunguzia wadudu hamu ya kulila. Baadaye jani hukakamaa, hunyooka, hugeuka shaba, kisha kijani. Katika joto hilohilo maganda ya mbegu ya mwaka uliopita hupasuka kwa mlio mkavu, na vipande vyake vilivyojisokota hutapakaa chini. Maua madogo hufuata majani, na nyuki hujaa kwenye matawi. Sehemu kubwa ya asali ya ukanda huu hutokana na maua ya miombo.

Mahali pa kutazama panahitaji kuchaguliwa. Hifadhi ya Ruaha, iliyoanzishwa 1964 na kupanuliwa 2008, ina takriban kilomita za mraba 20,000, lakini bonde la Mto Ruaha Mkuu, wanakokaa wageni wengi, ni la migunga na mibuyu. Miombo imetanda kwenye nyanda za juu za magharibi, na anayebaki mtoni haioni. Katavi, hifadhi ya taifa tangu 1974, nayo ina miombo mingi. Kwa mkazi wa Sepuka njia mojawapo ni kupitia Singida na Manyoni hadi Itigi, kisha barabara ya Rungwa kuelekea Mbeya, inayokatiza miombo kwa saa nyingi. Mbung'o ni wengi huko na huvutwa na nguo za buluu na nyeusi. Nguo za rangi ya udongo zinafaa zaidi.

Adui mkubwa wa msimu huu ni moto wa mwisho wa kiangazi. Nyasi zikiwa zimekauka kabisa, moto wa Septemba hupanda hadi kwenye matawi na kuunguza machipukizi yaliyotumia akiba ya mti. Moto mdogo wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini na kuacha miti salama. Ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa huondoa miti yenyewe, na hasara yake ni ya kudumu zaidi.

Wakati bora wa kwenda ni kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Mvua za Novemba zinapoanza, miombo karibu yote huwa imekwisha kuwa ya kijani.