Jeti Iliyofunguka

Msikilizaji, ndege kuukuu ikianguka, hukumu hutoka siku hiyohiyo: injini ilikuwa imechoka. Hukumu hiyo mimi naipinga, na shahidi ninaye, tena mashuhuri.

Tarehe 5 Machi 2015, mwigizaji wa sinema Harrison Ford, akiwa na miaka 72, aliruka peke yake kutoka uwanja wa Santa Monica, California. Alirusha Ryan ya mwaka 1942, aina iliyotumika kuwafundishia marubani wa jeshi la Marekani, yenye injini ya Kinner ya silinda tano. Muda mfupi baada ya kupaa, injini ikaishiwa nguvu. Akageuza ili arudi, akaona hafiki, akaielekeza kwenye uwanja wa gofu wa jirani. Ndege ikagonga kilele cha mti, ikaanguka. Aliumia vibaya, lakini alipona.

Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani walipochunguza kabureta, walikuta jeti kuu imefunguka kutoka mahali pake. Fundi wa pikipiki unayenisikiliza, jeti unaijua: kale kadude kenye tundu la kupimia petroli. Ikifunguka, petroli hupita bila kipimo na kuishinda hewa. Injini ya Ford haikukosa mafuta, ilizidiwa nayo.

Kabureta ile ilikuwa imeundwa upya miaka 17 hivi kabla ya ajali. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na mwongozo wowote uliomtaka fundi aitazame jeti. Hapo ndipo ninapokwama. Ndege hiyo ya mafunzo ya jeshi ilikuwa na zaidi ya miaka 70, na sidhani walioiandikia vitabu vya matengenezo waliwahi kuota umri huo. Fundi akifuata kitabu neno kwa neno, anaweza kuipitisha ndege yenye kasoro huku dhamiri yake ikiwa safi kabisa. Na si jeti tu: ripoti ilisema pia kwamba mikanda ya mabega ilikuwa imefungwa isivyofaa, na majeraha yakawa makali zaidi.

Wala ndege si lazima iwe kuukuu ili njia ya mafuta iisaliti. Septemba 1936 rubani Beryl Markham, aliyekulia Njoro, Kenya, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwa ndege aina ya Vega Gull aliyoazimwa na John Carbery, mlowezi wa Kenya. Baada ya saa zaidi ya 20 angani, injini ilizimika karibu na pwani ya Kanada, naye akaangukia kinamasi huko Cape Breton. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Mwenye duka anayetoboa debe la mafuta ya kula matundu mawili anaelewa: hewa isipoingia, mafuta hayatoki.

Barafu hiyo isitufanye tudhani ni balaa la Wazungu tu. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa mno, hata barafu ikaweza kuganda siku ya nyuzi 25 yenye unyevu mwingi. Pwani yetu siku za namna hiyo ni nyingi. Tena ukiitia ndege petroli ya magari iliyochanganywa na ethanoli, hudhoofisha mipira ya zamani na kuvuta maji.

Ninachoomba basi ni hiki. Mamlaka za usafiri wa anga zisiridhike na kitabu cha mwaka 1942. Ziwatake wamiliki waandike ratiba mpya za ukaguzi, kabureta ikiwemo. Nawe mwenye ndege ya zamani usingoje mamlaka. Mwambie fundi wako akague jeti, abadilishe mipira, azibue matundu ya hewa ya tangi, na kabla hajaondoka aangalie mikanda ya mabega imefungwa wapi.