Sauti ya Bibi Ndani ya Redio ya Mtoto

(Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi mbele ya kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki za ng'ambo. Imechapwa kama ilivyosemwa, isipokuwa maswali yaliyofuata.)



Awali ya yote tunashukuru kupewa nafasi hii, ingawa tumepangwa baada ya taarifa ya visima na tunaona baadhi yenu mmeshaanza kutazama upande wa jikoni. Tutajitahidi.

Ofisi yetu imepokea maombi mawili ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayana uhusiano. La kwanza limetoka kwa wazee wa sharika zetu wenye watoto wanaoishi ng'ambo. Wajukuu wanazaliwa huko na kukulia huko. Bibi anapigiwa simu ya picha, mtoto anatazama kioo, anapunga mkono, kisha anakimbilia vitu vyake. Dakika tatu zimekwisha. Bibi anauliza, huyu mtoto nitamsimulia lini, na kwa lugha gani? Ombi la pili limetoka kwa baadhi ya wageni wetu waliopo hapa. Wametuandikia kwamba wanataka kukusanya maboksi ya hadithi yaliyokwisha kutumiwa na watoto wao, wayatume kwenye shule zetu za chekechea.

Kwa wasiolifahamu boksi hilo, tulieleze kidogo. Ni kama redio ndogo ya mtoto, haina kioo cha kutazama. Mojawapo linaitwa Toniebox, lilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 2016. Mtoto anaweka kisanamu juu ya boksi, hadithi inaanza, akikiondoa, inanyamaza. Jingine ni Yoto, la Uingereza, ambalo linatumia kadi ya kuchomeka badala ya kisanamu. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kulitumia bila kumwita mtu mzima, na hiyo ndiyo sababu wazazi wengi wamelipenda. Sababu nyingine ni kioo chenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unasema muda wa mtoto wa kukaa chini ni bora utumike kusomewa na kusimuliwa hadithi. Hapo hata bibi zetu wasingepinga.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hadithi haimo ndani ya kile kisanamu wala ndani ya ile kadi. Mle kuna alama tu. Boksi linasoma alama, linakwenda kwenye intaneti kwa njia ya waifai, linaichukua hadithi kutoka hazina ya kampuni na kuihifadhi. Baada ya hapo linaweza kuipiga bila intaneti. Ili kuliandaa mnahitaji akaunti, simu ya kisasa na waifai. Chekechea zetu nyingi hazina waifai, na baadhi hazina umeme. Kwa hiyo tunawaomba wageni wetu, kwa upendo na shukrani, msitume maboksi hayo. Yatakaa kabatini pamoja na zile kompyuta tunazozifahamu sote. Tena sanamu zinazouzwa zikiwa na hadithi zimejaa Kijerumani na Kiingereza, na mtoto wa chekechea ya kijijini hana la kufanya nazo.

Lakini maboksi hayohayo yana faida kubwa kwa lile ombi la kwanza, kule kule yaliko. Kampuni ya Toniebox inauza kisanamu kisicho na hadithi, ambacho familia inakijaza yenyewe hadi dakika 90. Yoto nao wana kadi tupu ya namna hiyo. Mzazi anafungua programu kwenye simu, anapandisha faili la sauti, anaiunganisha kadi, na mtoto anapoichomeka anamsikia bibi yake. Kazi ya upande wa huko ni ya nusu saa. Kazi yenyewe iko upande wetu huku, kumnasa bibi.

Na hii si kazi geni kwetu. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipoanzisha redio ya Sauti ya Injili mjini Addis Ababa mwaka 1963, vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, vikanaswa kwenye tepu, na tepu zikasafirishwa hadi Ethiopia ndipo zirudi hewani hadi kwetu. Redio ile ilitaifishwa mwaka 1977. Wale waliokuwa wakisafirisha tepu wangeshangaa kuona leo kila mjumbe hapa ana kinasa sauti mfukoni na hakitumii ila kwa kutuma ujumbe wa michango ya harusi.

Tuseme basi namna ya kunasa, maana hapa ndipo tumejifunza mengi kwa kuketi na wazee.

Kwanza ni mahali. Sebule ya sakafu ya saruji na paa la bati inarudisha mwangwi, na mvua ikianza hakuna hadithi tena. Chumba cha kulala ni bora, penye godoro, nguo na mapazia, maana vitu laini vinameza mwangwi. Simu iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa shubiri moja au mbili kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Izimwe mawasiliano yote, la sivyo shemeji atapiga simu sungura anapokaribia kunaswa. Jogoo msihangaike naye. Wazazi walioko mbali wametuambia jogoo ndiye aliyewaliza.

Pili ni msimulizi mwenyewe. Bibi akiambiwa "ongea, tunarekodi," anageuka mhubiri. Anatoa mawaidha kwa mjukuu asome kwa bidii, amche Mungu, asisahau nyumbani. Ni maneno mema, lakini mtoto wa miaka minne hatayasikiliza mara mbili. Dawa ni kumkalisha mtoto mwingine mbele yake, wa jirani au wa ukoo. Hapo hadithi inatoka yenyewe, na sauti za fisi na sungura zinatoka bila kuombwa. Na akisema "Paukwa!" yule mtoto aitikie "Pakawa!", kisha bibi anyamaze kidogo, ili yule wa mbali naye aitike. Nafasi hiyo ya ukimya ni ndogo, sekunde mbili au tatu tu, lakini mtoto aliyekuwa akisikiliza anaanza kujibu, na kinywa chake kinaanza kutamka lugha. Tumeambiwa na mama mmoja kwamba binti yake, ambaye hukataa kusema Kiswahili mbele ya watu, huitikia chumbani peke yake gizani.

Hadithi isizidi dakika saba hivi, kila moja faili lake. Na lugha je? Wengine wamependekeza tuwaombe wazee waseme Kiswahili sanifu. Sisi tunaona bibi aseme lugha aliyosimuliwa nayo. Kama ni Kihehe, Kichaga au Kihaya, iwe hivyo, kisha arudie kwa Kiswahili siku nyingine akiwa hajachoka. Mjukuu asipoelewa yote leo, ataielewa kesho, mradi sauti ipo.

Hilo la sauti kuwapo tunalisema kwa uzito. Familia moja katika sharika zetu, baada ya kumzika baba yao, ilitafuta sauti yake kwenye simu za ndugu wote. Kilichopatikana ni ujumbe mmoja wa sekunde chache, akiuliza kama mbolea imefika. Alikuwa msimulizi ambaye kata nzima ilimjua.

Tukija kwenye chekechea zetu, hatuhitaji boksi la Ulaya. Zile redio ndogo zinazouzwa sokoni, zenye tundu la memori kadi na la flashi, zinatosha. Nyingine zina betri ya kuchaji kwa sola. Kwa bei ya boksi moja jipya la Ulaya, ambalo ni zaidi ya yuro 70, unanunua redio kadhaa. Hapa tunaomba wajumbe wenye vijana wa kompyuta mnisikilize, samahani, mtusikilize vizuri, kwa sababu redio hizi zina tabia zake. Nyingi zinasoma MP3 tu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni faili la namna nyingine, na simu nyingi nazo hunasa kwa namna yake. Ukiyaweka kwenye kadi vivyo hivyo, redio itakaa kimya na watu watasema kadi ni mbovu. Yageuzwe kwanza kuwa MP3. Programu ya Audacity inafanya kazi hiyo, nayo ni ya bure. Kwa sauti ya mtu anayeongea, kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde kinatosha. Saa nzima haifiki megabaiti 30, na kadi ya gigabaiti 4 inabeba zaidi ya saa 130. Majina ya faili yaanze na tarakimu, 01, 02, 03, na yanakiliwe moja baada ya jingine kwa mpangilio huohuo, kwa maana redio nyingine hufuata mpangilio wa kunakili na si wa majina.

Sauti isiwe kubwa mno. Kipimo cha usalama kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mawasiliano Duniani kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Mwalimu hana kipimo, lakini ikiwa analazimika kupaza sauti ili asikike juu ya redio, basi redio imezidi. Na redio isichukue nafasi ya mwalimu. Hadithi moja, kisha izimwe, watoto waulizwe.

Suala la haki. Mjumbe mmoja ametuuliza kama tunaweza kununua kitabu kimoja cha sauti na kukigawa kwa chekechea zote. Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi na msomaji aliyesoma, na COSOTA wapo. Vitabu vingi vya sauti vinauzwa vikiwa vimefungwa kwa kufuli ya kompyuta. Tusimlipe kijana wa stendi avunje kufuli hiyo kwa jina la usharika. Kuna vya halali vya kutosha kuanzia. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini una hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, zenye leseni ya wazi. Mwalimu anaweza kusoma kwa sauti yake na kunasa, akitaja jina la mwandishi. LibriVox, kazi ya kujitolea iliyoanza mwaka 2005, ina vitabu vya sauti visivyo na hakimiliki, vingi vya Kiingereza na vya Kijerumani pia, lakini vya Kiswahili ni haba. Kwa masomo ya Biblia, tuandike kwanza kwa Chama cha Biblia.

Wapo pia wenye kaseti za zamani majumbani, za miaka ya themanini na tisini, za harusi, za kwaya, za babu akisalimia ndugu. Kaseti inachakaa hata ikikaa tu. Tepu rekoda inayofanya kazi, waya mmoja kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, na Audacity hiyohiyo vinatosha. Usirudishe mbele na nyuma mara nyingi. Ipige mara moja, inase yote, hata kelele, utakata baadaye.

Jambo la mwisho ni utunzaji. Faili la asili libaki kwenye familia, nakala mbili, mahali pawili. Kisanamu au kadi ya ng'ambo inategemea kampuni iendelee kuwapo na akaunti iendelee kufunguka. Haiwezi kuwa ndiyo hifadhi. Na kila mzee aulizwe kabla hajanaswa kama anakubali sauti yake isikike kwa familia tu, au hata kwa chekechea. Wengine wamekubali familia tu, na hilo liheshimiwe. Jina la mtoto na mahali anaposoma visitajwe ndani ya hadithi itakayogawiwa.

Tunaomba nini? Kwa kamati za sharika: kila usharika ulete majina ya wasimulizi watano, wenye umri mkubwa watangulie, pamoja na kijana mmoja mwenye simu nzuri na subira. Kwa wageni wetu: badala ya maboksi, mtusaidie redio na memori kadi, ambazo tutazinunua hapahapa madukani na kuwaletea risiti. Na kwa wale kati yenu ambao majirani zenu ni watu wa kwetu wenye watoto wadogo, mkiwapelekea kisanamu kitupu kimoja, hadithi zitatoka huku.

Mezani pale nyuma kuna redio moja yenye hadithi sita zilizokwisha kunaswa, nne za Kiswahili na mbili za kilugha. Bibi aliyesimulia ile ya tatu yuko humu ndani na amesema tuipige wakati wa chakula, ila si kwa sauti kubwa.