Safari ya Hell's Gate: Maneno ya Halmashauri kwa Wanachama



Wengi wenu mmetuuliza mbona safari ya Hell's Gate, huko Naivasha, haikuwekwa siku za Pasaka, wakati kila mtu ana likizo. Tutajibu wazi.

Mahali penyewe ni pazuri. Majabali mekundu yamesimama kama kuta za ngome. Ile nguzo iitwayo Fischer's Tower ni mawe yaliyoyeyuka, yakagandia ndani ya koo la volkano. Mvuke watoka ardhini, na tangu 1981 wafanyakazi wenzetu wa Olkaria wanaugeuza umeme. Ruhusa ipo ya kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, ingawa nyati wapo.

Lakini korongo la Ol Njorowa lina hila. Ni jembamba, kuta zake ndefu. Mvua ikinyesha mbali juu, nawe uko chini penye jua, maji huja kwa ghafula, na pa kupandia hapana. Aprili 2012 vijana saba walikufa humo. Septemba 2019 watu saba tena, na Septemba si mwezi wa masika.

Kwa hiyo twaonelea twende Januari, wakati wa kiangazi. Hata hivyo mawingu yakionekana, au walinzi wakiifunga njia, korongoni hatuingii, na nauli haitadaiwa kwa sababu hiyo. Mtu asije na viatu vya kanisani.

Mwenye kukubali ampe mweka hazina wa tawi jina lake kabla ya mwisho wa Novemba.