Mnandi na Wenzake: Jinsi Ndege Wazamiaji Wanavyochagua Samaki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mkolani)



Kila tushukapo kutoka hapa Mkolani kwenda ufukweni Nyegezi, twasikia shauri moja likirudiwa. Wavuvi wasema ya kuwa samaki wamepungua kwa sababu ya ndege, na ya kuwa mnandi akiachwa hivi hivi atawamaliza dagaa kabla ya watu. Wengine wataka ndege hao wapigwe. Sisi tulio makarani tumezoea kutomhukumu mtu kabla hesabu zake hazijakaguliwa. Basi leo twaomba ruhusa yenu tukague hesabu za mnandi: huchagua samaki gani, na huwakamata kwa namna gani?

Kwanza yatupasa kuwatambua wahusika. Katika nchi za baridi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini wako mabata waishio kwa samaki. Mdomo wa bata huyo si bapa kama wa bata wetu. Ni mwembamba, ncha yake imepinda kama ndoana, na kingo zake zina meno kama msumeno, ili samaki mwenye utelezi asiponyoke. Kabla ya kuzamia huingiza uso majini akachungulia. Na mara nyingi huwinda kwa kundi, wakiwasukuma samaki wadogo kwenye maji mafupi. Bata wa namna hiyo hayuko Tanzania. Mabata wa ziwa letu hula zaidi mbegu, majani na wadudu. Kazi ya yule bata huku kwetu imeshikwa na ndege wa koo nyingine: mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe, mnandi mdogo, mbizi mwenye shingo kama nyoka, na mdiria wa mabaka meupe na meusi.

Kila mmoja ana ufundi wake. Mnandi huogelea chini ya maji kwa kusukuma miguu, ambayo vidole vyake vyote vinne vimeunganishwa kwa ngozi. Manyoya yake ya nje hulowa. Wengi hudhani ya kuwa huo ni upungufu, kumbe ni faida, maana ndege aliyelowa hainuliwi sana na hewa iliyo ndani ya manyoya, naye huzama kwa wepesi. Ndiyo sababu twamwona baadaye juu ya majabali ya Mwanza amekunjua mabawa, akijikausha. Mbizi hazamii kwa kukimbiza; huenda polepole, kisha huifyatua shingo yake na kumchoma samaki kwa mdomo kama mkuki. Mdiria naye hujisimamisha hewani, akipiga mabawa pasipo kwenda mbele, kisha hujitupa majini kichwa mbele.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Mtu aweza kudhani ya kuwa ndege humtafuta samaki mnono kuliko wote. Sivyo. Ndege huyu hana kisu wala jiko. Humeza samaki mzima, akitanguliza kichwa ili miiba ilale. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni koo lake. Kipimo cha pili ni macho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha ya kuwa mnandi mkubwa, akiwa chini ya maji, haoni vizuri kupita mtu aliyezamia. Hamkimbizi samaki aliyemwona kwa mbali, bali humshtua aliye karibu na kumnyakua kwa shingo yake ndefu. Kipimo cha tatu ni urahisi wa kumpata. Dagaa wengine wa ziwa letu huwa na mnyoo mweupe tumboni, jamii ya tegu. Samaki mwenye mnyoo huyo huwa mzito wa kuogelea na hukaa karibu na uso wa maji. Naye huyo ndiye anayekamatwa upesi. Mnyoo hukomaa ndani ya tumbo la ndege, na mayai yake hurudi majini pamoja na kinyesi. Kwa ufupi, ndege humchukua samaki ampatiaye chakula cha kutosha kwa jasho lililo dogo.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umetoka papa hapa, katika Ghuba ya Mwanza. Zamani furu walikuwa tele. Ziwa zima lilikuwa na aina zao zaidi ya 500. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 akaongezeka mno. Furu wakaanguka, na aina nyingi zikatoweka. Dagaa wakabaki, wakaongezeka. Wachunguzi Wanink na Goudswaard, wa chama cha uchunguzi kilichotoka Leiden, Uholanzi, waliokota matapishi makavu ya mdiria, ambayo ndani yake hubaki mifupa ya samaki aliomeza. Wakaona ya kuwa mdiria, ambaye zamani alikula zaidi furu, sasa alikula karibu dagaa watupu.

Mabadiliko hayo hayakuwa bure. Tufanye hesabu ya mfano tu. Ikiwa ndege ahitaji gramu 30 kwa siku, na furu mmoja ana gramu 5, samaki 6 watosha. Ikiwa dagaa mmoja ana gramu 1, hana budi kukamata 30. Kila mmoja ataka mbizi yake, na mbizi nyingine hutoka mtupu. Mchunguzi mwingine, Reyer, aliwaangalia midiria wa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980. Kando ya Ziwa Naivasha, wazazi waliwafukuza madume wageni waliotaka kuwasaidia kulisha makinda. Kando ya Ziwa Victoria, ambako chakula kilipatikana kwa shida zaidi, waliwapokea. Hata ndege hutafuta msaidizi kazi inapomzidi.

Maji nayo yabadili uwindaji. Huko Uholanzi, katika ziwa la IJsselmeer, maji yalipochafuka katika miaka ya 1970, minandi waliacha kuwinda mmoja mmoja, wakaanza kuwinda kwa makundi makubwa. Ziwa letu nalo limepoteza weupe wa maji yake kwa kuzidi kwa mwani, na ndege ategemeaye macho hulipa gharama hiyo.

Baada ya ukaguzi huo, tuseme nini juu ya mashtaka ya wavuvi? Hatusemi ya kuwa mnandi hali samaki wetu. Mnandi mkubwa hula kadiri ya nusu kilo kwa siku, na mvuvi aliyemkuta katika wavu wake ana haki ya kukasirika. Lakini iko tofauti moja kubwa kati ya ndege na mtu, nayo ndiyo twaomba mwende nayo nyumbani. Samaki akiwa adimu, mnandi hupata hasara kumtafuta. Njaa humlazimu kumwacha na kumgeukia mwingine, au kuhama. Samaki akiwa adimu, kwa mtu bei hupanda. Na bei ikipanda, mtu huzidi kumfuata, hata kwa kokoro lililokatazwa, hata kwa wavu unaozoa vifaranga vya samaki kwenye maji mafupi. Ndege huzuiwa na tumbo lake. Mtu hana wa kumzuia ila sheria na aibu.

Kwa hiyo, mabwana na mabibi, ikiwa mmoja wetu ataombwa kuandika barua ya kutaka minandi wapigwe, kwa kuwa kalamu yetu huombwa mara nyingi, na aulize kwanza mambo mawili. Je, ndege hao wameonekana wakila samaki gani? Na usiku uliopita, ni nyavu gani zilizovutwa katika mwalo huo? Ikiwa majibu hayo hayamo ndani ya barua, barua haijawa tayari kutiwa sahihi.

Furu kadha wa kadha wameanza kuonekana tena tangu miaka ya 1990. Akirudi kwa wingi, mdiria atajua kabla yetu, na habari zake zitakuwa chini ya tawi alalapo, katika mifupa midogo. Mwenye macho haambiwi tazama.